Mama na Mtoto Katika Siku ya Kwanza

Leo nataka kusema nanyi habari za kuwauguza mama na mtoto mchanga wanaopatwa na shida wakati wa uzazi. Mimi si mganga wala si mkunga. Kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Walakini somo la afya ni moja katika masomo yangu, na kila mwaka nikilifundisha naona jambo lile lile: watu wengi wadhani ya kuwa kazi ya mwuguzi wa uzazi ni siri ya ajabu, au ni bahati tu, kumbe sehemu yake kubwa ni kupima na kuhesabu. Hupima damu, huhesabu pumzi, hupima joto, tena hutazama saa. Mtu akikisia pale panapopasa kupimwa, ndipo mauti hupata mlango.

Lugha yetu husema ya kuwa mwanamke "amejifungua", kana kwamba alifungwa kamba na sasa kamba imelegea, mambo yamekwisha. Basi vigelegele hupigwa, watu huuliza mtoto ni mwanamume au ni mwanamke, kila mtu akataka kumpakata, na mama huambiwa alale apumzike. Taa hushushwa, mlango hurudishwa. Lakini saa zile ndizo za kulindwa kuliko zote. Wanawake waliokufa ulimwenguni mwaka 2023 kwa sababu ya mimba na uzazi walikuwa kadiri ya 260,000, yaani kama 700 kila siku. Na sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kutokwa na damu kupita kiasi, ambako mara nyingi huja baada ya mtoto kuzaliwa, wakati nyumba imejaa furaha. Wala msidhani hesabu hizi haziwezi kubadilika. Hapa Tanzania uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha mama 556 waliokufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Wanawake ni wale wale, na maumbile yao ni yale yale. Kilichobadilika ni ulinzi wao.

Nianze na damu. Mtoto akiwa tumboni hulishwa kwa kondo la nyuma, lililoshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Siku za mwisho za mimba damu ipitayo katika mji huo kila dakika hupata nusu lita au kuzidi. Mtoto akiisha kuzaliwa, kondo la nyuma hubanduka, na pale lilipokuwa hubaki kidonda kipana chenye mishipa iliyo wazi. Ni nini basi kinachozuia damu yote isimwagike? Ni mji wenyewe. Mji wa mimba ni nyama yenye nguvu. Hujikunja na kujikaza, ukaibana mishipa ile kama mtu anavyoibana midomo ya mfuko kwa kamba. Ukichoka usijikaze, au kipande cha kondo kikibaki ndani, mishipa hubaki wazi, na mama aweza kwisha damu kabla wali haujaiva jikoni.

Kwa hiyo mkunga, mara mtoto anapozaliwa, humpiga mama sindano ya dawa iitwayo oksitosini, ambayo huuamuru mji kujikaza. Kisha hakai mbali. Kila robo saa, kwa muda wa saa mbili, huweka mkono wake juu ya tumbo la mama, chini ya kitovu, kuutafuta mji. Akiusikia mgumu kama embe bichi, hushukuru. Akiusikia laini kama unga uliokandwa, huusugua kwa mkono mpaka ukaze, na huita wenzake. Humwambia mama akojoe, maana kibofu kilichojaa huuzuia mji usijikaze. Humpa mtoto titi mapema, kwa kuwa mtoto anaponyonya mwili wa mama wenyewe hutoa dawa ile ile ya kuukaza mji. Hivyo mtoto wa nusu saa tu duniani huwa amekwisha anza kumsaidia mama yake.

Lakini damu ni kiasi gani iliyo nyingi? Hili ndilo swali lililowasumbua hata wajuzi. Siku moja darasani nilitia rangi nyekundu katika chupa ya nusu lita ya maji, nikaimwaga yote juu ya kanga iliyokunjwa, nikawauliza wanafunzi wangu, ambao ni watu wazima, wakisie kipimo. Wengi walisema ni kikombe kimoja cha chai. Wawili tu walisema nusu lita, na mmoja wao nadhani aliiona chupa. Kanga hunywa, godoro hunywa, mkeka hupitisha chini, na jicho huona kidogo kuliko kilichomwagika.

Basi watu wenye akili wakaona heri kuacha kukisia. Katika hospitali 80 za nchi nne, nazo ni Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, baadhi ya wakunga walipewa plastiki ya kutandika chini ya mama, iliyoshonwa mfano wa mfuko, yenye mistari ya kuonyesha kipimo cha damu. Damu ikifika nusu lita, au ikifika mililita 300 tu na mapigo ya moyo au nguvu ya damu ya mama imeharibika, hawangoji mtu kutoa shauri. Hufanya mambo yote pamoja: kuusugua mji, oksitosini, dawa ya kugandisha damu iitwayo asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, kisha kutafuta damu inatoka wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Pale palipotumika plastiki ile, katika kila wanawake 100 waliotokwa na damu kupita kiasi 93 waligunduliwa. Pale palipoendelea kukisiwa kwa macho waligunduliwa 51 tu. Na shida kubwa, kama vile kupoteza lita nzima au kupasuliwa au kufa, zilipungua kwa 60 katika kila 100. Dawa zile hazikuwa mpya. Jambo jipya lilikuwa kipimo, na watu kutenda pamoja bila ya kungojana.

Hapa nina neno na akina mama wakubwa, mashangazi na mama wakwe, na naomba radhi kama mwanamume kulisema hadharani. Ni desturi yetu njema ya kustiriana kwamba nguo zilizoingia damu ya uzazi huondolewa upesi, hufichwa, hufuliwa kabla mtu hajaziona. Heshima hii yafaa siku nyingine zote. Lakini siku ya uzazi msizifue mpaka mkunga ameziona. Nguo ile mliyoificha ni karatasi ya hesabu. Mkiiosha mmefuta hesabu, naye atasema mama hajapoteza kitu. Na mama akisema "nasikia kiu", au "naona giza", au akianza kuhangaika na kutoka jasho la baridi, msimwambie ni uchovu wa kuzaa. Mwiteni mwuguzi hata kama mmemwita mara tatu na amewakemea.

Kama mama amezaa nyumbani au njiani, jambo ni saa. Uchunguzi mkubwa wa wanawake zaidi ya 20,000, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha ya kuwa dawa ile ya kugandisha damu humfaa mama akiipata ndani ya saa tatu tangu kuzaa. Ikipita hapo haimfai tena. Sasa ninyi waume wenye nyumba, zihesabuni saa hizo tatu mbele yangu. Nusu saa kumtafuta mume aliyekwenda mnadani, ili atoe ruhusa. Nusu saa nyingine baba mkwe na shangazi wanashauriana. Saa moja kutafuta gari na fedha ya mafuta. Imebaki saa moja ya barabara, na mvua imenyesha. Mke huyu hakufa kwa damu tu. Ruhusa na itolewe mimba ingali ya miezi saba, mbele ya watu wawili, kwamba ikiwa hatari imetokea aondoke mara moja, mume awepo asiwepo. Katika Tanzania iko namba ya simu 115, isiyo na malipo, ya mpango uitwao m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Ukiipiga hutafutiwa gari la wagonjwa, na lisipopatikana hutumwa dereva wa kijiji aliyeandikishwa. Iandikeni namba hiyo ukutani kwa mkaa.

Iko hatari nyingine ambayo haitoi damu hata tone moja, nayo huogopesha watu zaidi. Mama huumwa kichwa sana, huona nyota mbele ya macho, huvimba uso na mikono, huumwa chini ya kifua. Kisha ghafula huanguka, hukakamaa, hutetemeka mwili mzima, na povu humtoka. Huja kabla ya kuzaa, au wakati wa kuzaa, au hata siku kadhaa baadaye. Watu husema amepandwa na pepo, wakaenda kutafuta ngoma. Jina lake ni kifafa cha mimba, na asili yake ni nguvu ya damu iliyopanda kupita kiasi. Akianguka, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, mwondoeni karibu na moto na vitu vikali, wala msimtie kijiko mdomoni, wala msimnyweshe kitu, mpelekeni mbio.

Dawa yake ya hospitali yashangaza kwa upesi wa bei yake: ni magnesiamu salfeti, chumvi ile ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la chumvi ya haluli. (Tafadhali asitokee mtu akamnywesha mkewe haluli nyumbani, iliyo ya hospitali husafishwa kwa namna yake na huingia kwa sindano, na ya kunywa humharisha tu.) Mwaka 2002 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ambao nguvu yao ya damu ilikuwa imepanda, waliopewa dawa hii walioanguka kifafa hawakufika nusu ya wale wasiopewa. Walakini chumvi hii ikizidi mwilini huzima pumzi. Ndiyo maana mwuguzi hukaa kando ya kitanda na saa yake. Kabla ya kila sindano huhesabu pumzi za mgonjwa, zisipungue 16 kwa dakika; humgonga chini ya goti, mguu uruke; hupima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosa, sindano haitolewi. Jamaa wa mgonjwa wakimwona mwuguzi akigonga magoti usiku wa manane husema anacheza. Yeye anapima kama dawa ingali dawa au imekuwa sumu.

Sasa nije kwa mtoto. Watoto wengi hulia wenyewe mara wanapozaliwa. Lakini katika kila watoto kumi yupo kama mmoja anayehitaji msaada kidogo ili aanze kuvuta pumzi, na muda wa kumsaidia ni dakika moja. Zamani watu walimshika miguu wakamning'iniza kichwa chini, wakampiga makofi, au wakammwagia maji baridi. Wako wanaofanya hivyo hata leo. Mambo hayo humtia baridi na kumwumiza. Mkunga humkausha mtoto kwa nguo safi yenye joto, humsugua mgongo, na kama kuna uchafu kinywani huuondoa. Asipovuta pumzi bado, humfunika pua na kinywa kwa kikombe laini chenye mfuko wa mpira, akaubonyeza mfuko ule taratibu, kadiri ya mara 40 kwa dakika, akikitazama kifua kama kinainuka. Hewa ni hii hii tuivutayo sote. Mtoto aliyedhaniwa maiti huwa mwekundu, akalia.

Tangu mwaka 2009 wakunga wa hospitali nane za Tanzania walifundishwa kazi hii kwa mwanasesere wa mpira, na habari zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha ya kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 katika kila 100. Mimi kama mwalimu nilipendezwa na neno moja zaidi: iligunduliwa kwamba kufundishwa mara moja hakutoshi, mikono husahau. Kwa hiyo baadaye, katika hospitali 30 za mikoa mitano, wakunga walizoezwa kwa muda mfupi tena na tena, pale pale penye kazi yao, kama wanafunzi wanavyorudia jedwali la kuzidisha. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza vya watoto vimepungua tena.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo mbili na nusu, aweza kuuawa na baridi. Hata Tanga, hata Mombasa, ambako sisi tunajipepea, yeye aweza kufa kwa baridi, maana hana mafuta chini ya ngozi na maji ya uzazi yangali juu yake. Joto lake lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Kwa hiyo asioshwe siku ile ya kwanza, akaushwe tu. Najua wazee watasema mtoto ananuka. Na anuke mpaka kesho.

Zamani watu walidhani mtoto kama huyu hawezi kuishi bila sanduku la kioo lenye joto la umeme. Sanduku hilo ni ghali, na umeme ukizimika lenyewe huwa baridi. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey aliona masanduku ni machache na watoto ni wengi, wawili watatu katika sanduku moja wakiambukizana maradhi. Akaanza kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama yule mnyama wa Australia, kangaroo, anavyomchukua mwanawe mfukoni. Ndipo jambo hili likaitwa ulezi wa kangaroo. Kwa miaka mingi wauguzi walingoja kwanza mtoto apate nguvu sandukuni, ndipo apewe mama. Lakini uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha ya kuwa mtoto akiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata akiwa angali dhaifu, vifo hupungua kwa robo. Hao walikuwa watoto wa kilo moja mpaka karibu kilo moja na gramu 800, hospitalini, chini ya macho ya wauguzi.

Namna yake ni hii. Mtoto huvikwa nepi, soksi na kofia tu. Huwekwa wima katikati ya maziwa ya mama, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Kisha hufungwa kwa kanga, ukingo wa juu ukifika chini ya sikio lake, na mama huvaa nguo yake juu. Hukaa hivyo mchana na usiku, mama akilala nusu wima. Mama akitaka kuoga, baba na avue shati akae na mtoto. Kifua cha mwanamume kina joto vile vile, na sijaona mtu aliyepungukiwa na uanaume kwa hilo. Bibi naye aweza. Mtoto asiye na nguvu ya kunyonya hukamuliwa maziwa ya mama, akanyweshwa kwa kikombe kidogo kila saa mbili au tatu, matone machache machache, si kwa chupa. Kisha hupimwa uzito kila siku. Siku za kwanza uzito hushuka, mama akalia. Baadaye huanza kupanda gramu 15, gramu 20, na mama ambaye hajawahi kushika mizani utamsikia akitaja gramu za mwanawe kama mfanyabiashara wa karafuu.

Homa ya uzazi niitaje kwa ufupi. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna alihesabu mama waliokufa katika wodi mbili, akaona wodi ya wakunga ina vifo vichache kuliko ya madaktari, ambao walitoka kupasua maiti wakaja kuzalisha. Akaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini. Kabla hata miezi mitatu haijapita vifo vilishuka toka 18 katika kila 100 mpaka 2. Basi atakayemshika mama au kitovu cha mtoto aoshe mikono kwa sabuni. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, wala kisipakwe majivu, wala mavi ya ng'ombe, ambayo huleta pepopunda. Na mama akipata homa na maji yenye harufu mbaya, arudi hospitali siku ile ile. Mtoto naye arudishwe upesi akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akivuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au akigeuka manjano mpaka nyayoni.

Watu huniuliza kama haya yote yanavunja desturi ya arobaini, ambayo mama hukaa ndani siku 40 akipikiwa uji na kukandwa kwa maji ya moto. Hayaivunji, mimi naipenda desturi hiyo, maana humpa mama mtu wa kuwa naye. Waganga hutaka mama na mtoto wakae hospitali saa 24 kwa uchache, kisha waonekane tena siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na mara ya mwisho katika juma la sita. Majuma sita ni siku 42. Basi mama akiisha kutoka arobaini yake, amevaa kanga mpya na mtoto amenyolewa, siku ya pili yake ampeleke kwa mkunga kupimwa.